Kuhesabu Kalori: Uzito Ukishuka, Utabaki Chini?



Kila muhula, hasa baada ya mitihani na baada ya Idi, mazungumzo ya kitambi hurudi katika nyumba za wanafunzi hapa Al Khoudh. Mmoja ameweka programu kwenye simu, kila anachokula anakiandika. Mwingine anamcheka: "Bwana we, kula ushibe, mwili haujengwi kwa karatasi." Wa tatu yuko kimya. Huyo alihesabu mwaka jana, akapungua kilo nane, zikarudi tisa, na siku hizi ukimgusia habari hiyo anabadilisha mada.

Suala lenyewe si la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Oman mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na kama watu 15 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Sisi tuliotoka Unguja, Mombasa, Kampala au Bujumbura tunakula chakula hichohicho, katika joto hilohilo, na tunakaa kwenye kiti cha maktaba saa nyingi kuliko tulivyowahi kukaa nyumbani. Ukweli ni kwamba jambo hili linatuhusu.

Kwa hiyo swali la makala hii ni moja tu: je, kuhesabu kalori kunapunguza uzito kwa kudumu? Jibu kwa ufupi ni kwamba kuhesabu ni kipimo kizuri, lakini si breki. Kunakufundisha kilichomo kwenye sahani, ila peke yake hakuna nguvu ya kuushikilia uzito chini mwaka wa pili na wa tatu. Hebu tuangalie kwa nini.

KALORI NI NINI HASA?

Kalori ni kipimo cha nishati, kama mita ilivyo kipimo cha urefu. Kalori moja ya chakula, ambayo wataalamu huiita kilokalori, ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani Wilbur Atwater alichoma vyakula ndani ya chombo maalumu ili kupima joto lake, akatoa na kile ambacho mwili haukitumii. Hesabu zake tunazitumia mpaka leo: gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa kama kalori 4, na gramu 1 ya mafuta hutoa kama kalori 9. Mwaka 1918 daktari Lulu Hunt Peters alitoa kitabu cha kuwafundisha Wamarekani kupunguza unene kwa kuhesabu kalori, na kikauzwa sana. Kwa hiyo jambo hili halikuja na simu. Lina zaidi ya miaka 100.

Tuchukue mifano ya hapa hapa. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, yaani kalori 16. Kikombe cha karak chenye vijiko vitatu kina kalori 48 za sukari peke yake, maziwa hatujayagusa. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120. Kopo la soda la mililita 330 ni kama kalori 140. Sasa linganisha: mtu wa kilo 70 akitembea kilomita moja hutumia kama kalori 50 tu. Soda moja, kilomita tatu hivi.

Hapa ndipo kuhesabu kunapofungua macho. Mtu anayedhani tatizo lake ni wali wa mchana anagundua kwamba vikombe vinne vya karak kwa siku vinamwingizia karibu kalori 200 za sukari bila hata kumshibisha. Haba na haba hujaza kibaba.

HESABU YA DARASANI INAKWAMA WAPI?

Mwaka 1958 daktari mmoja wa Marekani, Max Wishnofsky, aliandika kwamba pauni moja ya uzito wa mwili ni sawa na kalori 3,500. Kwa kilo moja ni kama kalori 7,700. Hesabu hii ikaenea dunia nzima, na bado utaikuta kwenye magazeti na kwenye programu za simu. Ni rahisi mno. Punguza kalori 250 kwa siku, zidisha kwa siku 365, unapata 91,250. Gawa kwa 7,700: karibu kilo 12 kwa mwaka.

Sasa endelea nayo hesabu hiyohiyo. Baada ya miaka sita ni kilo 71. Yaani mtu wa kilo 70 ametoweka duniani kwa sababu ameacha karak na nusu chapati! Bila shaka kuna kitu hakiko sawa.

Sheria ya uhifadhi wa nishati haina kosa. Kinachoingia na kisichotoka lazima kibaki ndani, na hakuna mwili ulioruhusiwa kuikwepa sheria hiyo. Kosa ni kudhani kwamba kinachotoka hakibadiliki. Fikiria tangi la maji lenye tundu chini. Likijaa, maji yanatoka kwa kasi. Yakipungua, msukumo unapungua, na maji yanatoka polepole. Mwili ni hivyo hivyo: ukiwa mdogo unatumia nishati kidogo, kwa sababu kuna nyama chache za kulisha na mzigo mwepesi wa kubeba. Pengo la kalori 250 ulilolifungua mwezi wa kwanza linajifunga lenyewe taratibu, hata kama hujabadilisha chochote kwenye sahani.

Mwaka 2011 Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na wenzake walichapisha hesabu iliyo bora zaidi katika jarida la The Lancet. Kwa mtu mzima wa kawaida, kila kalori 24 unazopunguza kwa siku, na ukabaki hivyo, hatimaye zinashusha kilo 1. Nusu ya mshuko huja mwaka wa kwanza, na karibu wote unakuwa umekamilika kufikia mwaka wa tatu. Kwa hiyo kalori zetu 250 zitaleta kama kilo 5 mwaka wa kwanza na kilo 10 mwishoni, kisha uzito unasimama. Sharti lake ni moja: zile 250 zisirudi kamwe. Siku zikirudi, na kilo zinarudi.

MWILI NAO UNAJIBU

Kama mambo yangeishia hapo, tungesema tatizo ni subira tu. Lakini kuna la pili, na hili ndilo zito zaidi: njaa.

Tunajua jinsi kiyoyozi kinavyofanya kazi. Umekiweka nyuzi 22, ukifungua dirisha hakikai kimya, kinaongeza nguvu. Mwili nao una kitu cha namna hiyo. Mwaka 2016 Hall na wenzake walitafuta njia ya kupima nguvu ya jibu hilo. Walichambua takwimu za wagonjwa wa kisukari waliotumia dawa ya canagliflozin, ambayo hutoa sukari kupitia mkojo. Wagonjwa hao walikuwa wanapoteza kama kalori 360 kwa siku bila kuzihisi. Hawakuambiwa wajinyime wala wahesabu. Kwa hesabu ya darasani walitakiwa wapungue kilo 17 kwa mwaka. Walipungua kama kilo 4, wakasimama.

Kwa nini? Kwa sababu walianza kula zaidi bila kujua. Watafiti walikadiria kwamba kwa kila kilo 1 inayopotea, hamu ya kula hupanda kwa kama kalori 100 kwa siku, na matumizi ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30. Sasa mtie mwenzetu aliyepungua kilo 5: njaa yake inamdai kalori 500 zaidi ya alizokuwa anakula zamani, kila siku, asubuhi na jioni, na huku mwili wake unatumia pungufu. Mtu huyo akirudi kwenye uzito wake tusimwite mvivu wala mlafi. Anapigana na kitu kisicholala.

Ramadhani inatuonyesha jambo hilo kila mwaka. Tafiti zimeonyesha kwamba uzito unaopungua kwa wastani ni mdogo, na sehemu kubwa hurudi wiki chache baada ya Idi.

Ushahidi mwingine umekuja na sindano mpya za kupunguza uzito. Katika jaribio la semaglutide lililochapishwa mwaka 2021, watu karibu 2,000 waligawanywa makundi mawili. Wote walipewa ushauri uleule: punguza kalori 500 kwa siku, fanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Baada ya wiki 68, waliopata dawa, ambayo kazi yake kubwa ni kutuliza njaa, walipungua karibu asilimia 15. Waliopata sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2 na kidogo tu. Ushauri ni mmoja na kalori za kupunguza ni zilezile. Tofauti ilikuwa njaa. Na walioacha dawa walirudisha theluthi mbili ya uzito katika mwaka mmoja.

KIPIMO CHENYEWE KINA KASORO

Fundi yeyote atakuuliza kwanza: kipimo chako kina kosa kiasi gani? Mwaka 1992 watafiti wa New York walichunguza watu 10 waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 na bado hawapungui. Walipopimwa kwa njia ya kitaalamu, ilionekana walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichoandika, na mazoezi yao walikuwa wameyazidisha kwa nusu. Hawakuwa waongo. Jicho la mtu halipimi mafuta yaliyozama ndani ya chakula.

Chukua chapati. Haina lebo. Mpishi mmoja anatia kijiko cha mafuta, mwenzake anatia viwili, na programu ya simu inaandika "chapati moja". Kosa ni kalori 120 kwa chapati moja, karibu nusu ya pengo lote ulilokuwa unalitafuta siku ile.

Halafu kuna sinia. Wali wa kabuli umewekwa kati, watu sita wamelizunguka, mikono inaingia. Nani atapima alichokula? Hapa wapo wenzetu wanaoanza kukwepa. Anasema ameshakula, au ana kazi ya kumalizia, anajifungia chumbani na kopo la jodari na mizani ya jikoni. Jambo hili si dogo. Mwanafunzi aliye mbali na mama yake, sinia ndilo nyumbani kwake. Hapo ndipo anapoulizwa habari zake, hapo ndipo anapojulikana kama ana msiba au deni. Njia ya kupunguza uzito inayokutoa kwenye sinia inakudai kitu kikubwa kuliko kilo tano, na ndiyo maana haidumu.

FUNZO KUTOKA ZIWA EYASI

Wengine watasema: basi nitakula nitakavyo, nitalipa kwa mazoezi. Jibu la hilo limetoka kwetu Afrika Mashariki. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na ubuyu, na kurina asali. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe 30 na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitarajia wawe wanatumia nishati nyingi mno kuliko watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini. Ukizingatia ukubwa wa mwili, ilikuwa karibu sawasawa.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Hii haina maana mazoezi hayafai. Moyo, sukari ya damu, usingizi na akili vyote vinayahitaji. Maana yake ni kwamba ile namba ya "kalori ulizochoma" kwenye saa ya mkononi si pesa ya kwenda kununulia halwa.

BASI KUHESABU NI KAZI BURE?

Hapana, tusikimbilie upande wa pili. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya mpango mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani kwa watu 3,234 waliokuwa hatarini. Kundi mojawapo lilifundishwa kupima mafuta na kalori, kutembea dakika 150 kwa wiki, na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito. Katika muda wa miaka karibu mitatu, kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na wasiofundishwa. Baadaye uzito mwingi ulirudi, lakini hata miaka kumi ilipopita faida dhidi ya kisukari ilikuwa bado ipo. Kwa hiyo kilo chache tu zina thamani kubwa, na kujiandikia kulisaidia kuzipata.

Ila kifaa peke yake hakitoshi. Jaribio la mwaka 2016 liliwachukua vijana 471 wa miaka 18 hadi 35, rika letu kabisa. Wote walipewa mpango wa chakula na mazoezi, kisha baadaye nusu yao wakavalishwa vifaa vya kupima nyendo. Baada ya miaka miwili, waliovaa vifaa walikuwa wamepungua kilo 3.5, na wasiovaa kilo 5.9.

Upande wa pili, mwaka 2018 watafiti wa Stanford waliwafuata watu 609 ambao hawakupewa kiwango cha kalori cha kufuata. Waliambiwa wale mboga kwa wingi, wapunguze sukari na unga uliokobolewa, na wapike nyumbani. Wengine walipunguza mafuta, wengine wanga. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamepungua kilo 5 hadi 6 kwa wastani. Na mwaka 2019 Hall aliwaweka watu 20 ndani ya hospitali, wiki mbili wakila vyakula vya kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida, kila mtu ale atakavyo. Wakila vya kiwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku. Aina ya chakula inaituliza njaa au inaichochea, kabla hata hujashika kalamu.

TUFANYEJE SISI WA AL KHOUDH?

1. Hesabu kwa wiki mbili, kisha acha. Lengo ni kujifunza: karak, soda, mafuta na vitafunio vya usiku vina nini. Ukishajua, umejua.

2. Chagua mabadiliko mawili tu ambayo unaweza kuishi nayo miaka kumi. Anza na vinywaji vya sukari, kwa sababu havishibishi. Serikali ya Oman imetusaidia kidogo: mwaka 2019 ilitoza kodi ya asilimia 50 kwenye soda na 100 kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu, na mwaka 2020 ikaongeza vinywaji vingine vyenye sukari. Kuacha ni faida ya mfuko pia.

3. Rekebisha sinia, usilikimbie. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba nzima ikikubaliana kupima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, kuongeza samaki, maharage na kachumbari, na kupunguza wali kidogo, watu sita wanapungua pamoja na hakuna anayehesabu.

4. Tembea alfajiri au baada ya Isha, jua likiwa limetulia. Tembea kwa ajili ya afya na kulinda uzito uliokwisha kuupata, si kulipia ulichokula.

5. Panda mizani mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, na uandike. Angalia mwelekeo wa mwezi, si wa jana na leo, maana maji na chumvi peke yake yanaweza kusogeza kilo nzima.

6. Weka lengo dogo. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 5 ni kilo 4.5. Mama akikuona likizo akasema umekonda, mwambie sukari ya damu imeshuka.

Mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito, na yeyote ambaye namba hizi zinamnyima usingizi au zinamfanya aogope chakula, asianze peke yake. Amwone daktari kwanza.

ZOEZI

Mwenzako anakunywa karak nne kwa siku, kila moja vijiko vitatu vya sukari. Ameshuka mpaka kijiko kimoja. Je, atapungua kilo ngapi?

Jibu: ameacha vijiko 8, yaani kalori 128 kwa siku. Kwa hesabu ya Wishnofsky ni kilo 6 mwaka wa kwanza na kila mwaka unaofuata. Kwa hesabu ya Hall ni kama kilo 2.7 mwaka wa kwanza na kilo 5 na kidogo mwishoni, basi. Na hiyo ni endapo hatazifidia kwa andazi la saa nne.

Kilo tano si haba. Lakini angalia zimetoka wapi: zimetoka kwenye chai ambayo baada ya mwezi mmoja ameizoea hivyo, na hata ukimwekea vijiko vitatu ataisukuma pembeni. Tukiweza kufanya hivyo kwenye mambo mawili matatu ya kila siku, tunaweza kufuta programu kwenye simu na kurudi kwenye sinia kwa amani.